Tusitala: mgeni aliyekataa kunyamaza

WENGI wa rika langu tulimjua Robert Louis Stevenson kwa kitabu kimoja tu. Ni kile cha maharamia na ramani ya mali iliyofukiwa, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929 na kuitwa Kisiwa chenye Hazina. Kilizunguka madarasani hata majalada yakabanduka, na kila mtoto aliyekisoma alimwogopa John Silver, yule mpishi wa melini mwenye mguu mmoja. Hadithi tuliijua, lakini mtungaji hatukumjua. Hatukuambiwa kwamba miaka yake ya mwisho aliishi kisiwani kweli, mbali sana na kwao Uskochi, na kwamba huko aligombana na watu wa maofisini kuliko maharamia wa baharini.

Leo nataka kuisimulia miaka hiyo. Ndani yake limo jambo linalomhusu kila mtu aliyewahi kwenda kukaa katika nchi ya watu, awe mzee aliyestaafu na pensheni yake, awe mgonjwa aliyefuata hewa nzuri, awe mtu aliyechoka tu na kwao. Mgeni akiikuta serikali ya mahali imeoza, afanye nini? Anyamaze kwa kuwa si kwao, au aseme?

MWANA WA WAJENZI WA MINARA

Stevenson alizaliwa mjini Edinburgh tarehe 13 Novemba 1850, akiwa mtoto wa pekee. Ukoo wao ulikuwa wa wahandisi waliojenga minara ya taa za kuongozea meli katika pwani za Uskochi, na baba yake, Mzee Thomas, alitaraji mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Mwana hakuitaka. Akasomea sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1875, na uwakili nao karibu asiufanye kabisa. Moyo wake ulikuwa katika kuandika.

Adui yake mkubwa alikuwa kifua. Tangu utotoni alilala kitandani majuma kwa majuma akikohoa, na alipokuwa mtu mzima alikuwa akitema damu. Mwaka 1880 alimwoa Fanny Osbourne, mwanamke wa Kimarekani aliyemzidi umri kwa miaka kumi na aliyekuwa na watoto wake. Ilikuwa katika kucheza na Lloyd, mtoto wake wa kambo, ndipo ilipochorwa ramani ya kisiwa mwaka 1881, na kutokana na ramani ile kikazaliwa kitabu, kilichotoka mwaka 1883. Miaka mitatu baadaye alitoa hadithi ya Daktari Jekyll na Bwana Hyde, na jina lake likavuma Uingereza na Marekani.

Baba yake alifariki mwaka 1887. Mwaka huo huo Stevenson aliondoka Uingereza pamoja na mkewe, mama yake mjane na Lloyd, wala hakurudi tena. Mwezi wa Juni 1888 walikodi merikebu ya matanga iitwayo Casco katika bandari ya San Francisco, wakaingia katika Bahari ya Pasifiki. Walitembea kisiwa hadi kisiwa, na mtu aliyekuwa akichukuliwa kama maiti katika miji ya baridi akaanza kupanda farasi na kuogelea. Mwezi wa Desemba 1889 walitia nanga Apia, mji mkuu wa Samoa. Baadaye alijaribu kukaa Sydney, lakini ugonjwa ukamrudia. Basi ikawa dhahiri kwamba akitaka kuishi hana budi kubaki visiwani.

SHAMBA LA VAILIMA

Alinunua shamba la ekari zaidi ya 300 mlimani, mwendo wa maili tatu hivi kutoka Apia. Mahali hapo paliitwa Vailima, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa mito mitano. Palikuwa msitu mtupu. Akajenga nyumba kubwa ya mbao yenye baraza pana na ukumbi uliopambwa kwa mbao nyekundu kutoka California, na vyombo vya nyumba vikaja kwa meli kutoka Uskochi. Siku za sikukuu watumishi wake walivaa lavalava, yaani shuka ya kiunoni kama kikoi chetu, iliyokatwa katika nguo ya miraba ya Kiskochi. Bibi Fanny alisimamia bustani na mimea ya kakao. Mume aliamka alfajiri kuandika, na fedha za vitabu zikaingia katika misumari, mabati na mishahara.

Wenyeji walimpa jina la Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Mwaka 1891 hadithi yake moja, ya jini aliyefungwa ndani ya chupa, ilichapishwa kwa Kisamoa katika gazeti la wamisheni. Inasemekana kwamba baada ya hapo wageni wengine walifika Vailima wakaomba, kwa adabu, waonyeshwe hiyo chupa. Na si ajabu. Mtu hauzi mbata, hana duka, wala hafanyi kazi ya serikali. Anakaa kitako na kuandika, kisha anajenga nyumba kubwa kuliko zote. Fedha zingetoka wapi kama si kwa jini?

Mpaka hapo ni habari ya mstaafu yeyote mwenye bahati. Lakini chini ya mlima ule palikuwa na mji, na mji ulikuwa na serikali.

SERIKALI YA MABWANA WATATU

Samoa wakati huo ilikuwa ikigombewa na dola tatu: Ujerumani, Uingereza na Marekani. Kampuni kubwa ya Kijerumani ilikuwa na mashamba ya minazi na biashara ya mbata. Mwaka 1887 Wajerumani walimkamata mfalme, Malietoa Laupepa, wakampeleka uhamishoni hata akafikishwa Kamerun, huku kwetu Afrika. Wakamweka mwingine, Tamasese. Ndipo chifu Mataafa alipoinuka kumpinga. Mwezi wa Machi 1889 manowari saba za dola hizo tatu zilikuwa zimekodoleana macho katika bandari ya Apia wakati kimbunga kilipozipiga. Ni moja tu, Calliope ya Waingereza, iliyofaulu kutoka baharini salama.

Baada ya msiba huo wakubwa walikutana Berlin wakaandika mkataba. Laupepa akarudishwa katika kiti. Samoa ikaitwa nchi huru, lakini ikapewa Jaji Mkuu wa kigeni na Rais wa Baraza la Mji wa Apia, naye pia mgeni. Jaji alikuwa Msweden, Conrad Cedercrantz. Rais alikuwa Mjerumani, Baron Senfft von Pilsach. Mkataba uliweka mshahara wa jaji kuwa dola 6,000 kwa mwaka, za dhahabu, na wa rais dola 5,000. Mishahara hiyo ilikatwa kwanza katika mapato ya Samoa, na wa jaji ukipungua, dola tatu zijazilize. Huku nyuma Msamoa wa kawaida alitakiwa kulipa kodi ya kichwa, dola moja kila mtu.

Juu ya hao wawili walikuwako mabalozi wadogo watatu, kila mmoja na maagizo ya kwao. Neno likitatanisha, linaandikwa barua kwenda Berlin, London na Washington, na majibu yanangojwa kwa meli. Rais ndiye mwenye kutunza fedha, na ubishi ukazuka: ushuru wa bandari ni wa mji au ni wa serikali ya mfalme? Mfalme mwenyewe hakuwa na nguvu za kukusanya kodi, wala kulinda watu, wala kufukuza mtu kazi.

Hata hivyo si kila kilichotoka Berlin kilikuwa kibaya, na haki lazima isemwe. Iliundwa tume ya ardhi. Wageni walikuwa wakidai mashamba, wengine kwa hati za bunduki na baruti walizowauzia machifu wakati wa vita. Madai yao yote yalipojumlishwa yalizidi mara mbili ya ardhi yote iliyoko Samoa! Tume ilichuja, na mwishowe ikakubali kiasi cha ekari 8 tu katika kila 100 zilizodaiwa. Sisi tunaojua historia ya ardhi yetu tunaweza kukadiria Wasamoa waliponea wapi.

MLANGO WA NYUMA

Nimewahi kukaa ugenini miaka kadhaa kwa ajili ya kazi, na desturi ya wageni wakaazi naijua. Jioni hukutana barazani, wengi wao wazee waliostaafu, na mazungumzo ni yale yale: kibali kimechelewa, faili limepotea, karani anataka chai. Kisha kila mmoja humtafuta mtu wake wa kumpitishia karatasi kwa mlango wa nyuma. Karatasi ikipita, lawama zimekwisha mpaka mwaka ujao. Wenyeji waliosimama kwenye foleni ile ile tangu asubuhi hawana wa kuwapitishia, na wageni hawaulizi mambo yao.

Stevenson angeweza kuishi hivyo. Alikuwa na jina, alikuwa raia wa Uingereza, na shamba lake lilikuwa juu ya mlima mbali na vumbi la mji. Isitoshe alikuwa mgonjwa, na kila mtu angemsamehe. Badala yake alianza kuandika barua kwa gazeti la The Times la London, na akaendelea mwaka hadi mwaka.

Jambo lililomchoma zaidi lilitokea mwaka 1891. Machifu kadhaa wa kisiwa cha Manono walijisalimisha kwa hiari, wakahukumiwa kifungo kwa kosa la kuchoma nyumba. Pakavuma uvumi kwamba ndugu zao watakuja kuwatoa kwa nguvu. Serikali ikapanga kutega baruti chini ya jela, ili jaribio likifanywa jengo liripuliwe na wafungwa wakiwa ndani. Watu waliokuja kwa kuamini neno la serikali wawekewe baruti chini ya vitanda! Stevenson alidai maelezo kwa maandishi, naye akapewa majibu ya kuzungukazunguka, yale anayoyajua kila mtu aliyewahi kupeleka shauri ofisini. Akayapeleka London yakachapishwa.

Kadhalika alishtaki kwamba gazeti la Apia lilinunuliwa kisirisiri kwa fedha za umma ili lisiwaseme wakubwa. Jambo hilo nalitilia mkazo, kwa sababu huo ndio wizi usioonekana upesi. Anayeiba fedha za hazina huacha pengo katika daftari. Anayeununua mdomo wa gazeti huziba mahali ambapo pengo lingetangazwa.

Mwaka 1892 alitoa kitabu kizima juu ya fujo za Samoa miaka minane. Hakikumletea fedha za maana. Nchini Ujerumani toleo lililochapishwa huko liliteketezwa na mchapishaji akatozwa faini. Mwisho wa mwaka huo Sir John Thurston, mkubwa wa Kiingereza aliyesimamia Pasifiki ya Magharibi, alitoa amri ya kumwadhibu kwa faini na kifungo raia yeyote wa Uingereza atakayechochea watu dhidi ya serikali ya Samoa. Hapakutajwa jina, lakini Apia nzima ilijua kanzu ile imekatwa kwa kipimo cha nani. Kwa muda Stevenson aliishi akijua kwamba huenda akafukuzwa katika nchi pekee ambayo mapafu yake yaliiweza. Baadaye wakubwa wa London waliilegeza amri ile.

Nisimfanye malaika. Hakuwa mtu asiyeegemea upande. Alimpenda Mataafa, akaamini kwamba ndiye aliyestahili kutawala pamoja na Laupepa, na mwaka 1892 alipanda hadi kambini kwake pamoja na mke wa gavana wa New South Wales, aliyejificha chini ya jina la uongo kana kwamba ni binamu yake. Mchezo huo uliwakasirisha wengi, na sioni kama ulimsaidia Mataafa. Lakini jaji na rais waliondolewa mwaka 1893, na katika mambo waliyolaumiwa barua za Vailima zilikuwa na sehemu yake.

JELA YA APIA

Kuondoka kwao hakukuleta amani. Mwezi wa Julai 1893 vita viliripuka, Mataafa akashindwa. Manowari zikamchukua, akapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Jaluit. Machifu waliomfuata walitiwa katika jela ya Apia, na hapo ndipo serikali ile ilipoonekana ilivyo. Jela lilikuwa jengo duni, na chakula cha wafungwa kililetwa na jamaa zao kutoka vijijini.

Stevenson hakuwatupa. Alikwenda kuwaona, akawapelekea tumbako na kava, kinywaji cha heshima cha Wasamoa, akashughulikia matibabu ya wagonjwa. Wafungwa nao wakamfanyia karamu mle mle jelani. Walimwalika yeye na jamaa yake yote, wakamtolea zawadi moja moja huku zikitangazwa kwa sauti kubwa, hata wapita njia wakasikia ni nani anayeheshimiwa na ni nani wanaomheshimu. Nimesoma habari nyingi za karamu za watawala, lakini sijui nyingine ambayo waalikaji wake walikuwa wafungwa.

Walipofunguliwa mwaka 1894 machifu kadhaa walikwenda Vailima kabla ya kushughulika na mengine ya kwao. Nyumba ilikuwa na njia mbovu, ya matope wakati wa mvua. Wakasema kwamba wataijenga barabara. Stevenson, kwa desturi ya kwao, alifikiri juu ya malipo. Wakakataa: hawataki mshahara, chakula watakuja nacho, vijana wao watafanya kazi. Alichokubaliwa kutoa ni vyombo vya kazi. Mwezi wa Oktoba barabara ikawa tayari, na pakasimamishwa kibao chenye majina yao. Waliiita Barabara ya Moyo wa Upendo.

Siku ya kuifungua aliwaandalia karamu akasema nao. Hakuwasifu tu. Aliwaambia kwamba nchi hailindwi kwa mikuki na bunduki peke yake. Inalindwa kwa kulimwa, kupandwa miti na kukatwa barabara, na kwamba wasipoitumia ardhi yao watakuja wengine waitumie. Akawatolea mfano wa Waskochi wenzake wa milimani na wa watu wa Hawaii. Maneno hayo yangeweza kusemwa katika baraza lolote la chifu wetu.

KILELENI VAEA

Hakuishi kuifaidi barabara. Jioni ya tarehe 3 Desemba 1894 alikuwa barazani akimsaidia mkewe kutayarisha chakula, ghafla akashika kichwa akaanguka. Yale mapafu aliyoyakimbiza nusu ya dunia hayakumwua. Ulipasuka mshipa wa ubongo, na saa mbili za usiku zilipopita kidogo alikuwa amekata roho. Umri wake ulikuwa miaka 44.

Usiku kucha Wasamoa walikaa karibu na maiti, wakiingia mmoja mmoja na kuweka mikeka yao myembamba ya thamani. Alikuwa ameomba azikwe juu ya mlima Vaea, mahali pasipokuwa na njia. Kulipokucha machifu wakaita watu wao, wakapanda na mashoka na mapanga, wakakata njia katika msitu ule wa mteremko mkali. Siku hiyo hiyo jeneza likapandishwa mabegani. Mwaka 1915 majivu ya Bibi Fanny yaliletwa kutoka Marekani yakawekwa pamoja naye.

Ukiuliza alishinda nini, hesabu ni ndogo. Mataafa hakurudishwa mpaka mwaka 1898. Mwaka 1899 wakubwa waligawana Samoa kama watu wanaogawana mnofu: upande wa magharibi ukawa wa Wajerumani, wa mashariki wa Wamarekani. Gavana wa kwanza wa Kijerumani, Wilhelm Solf, alikuwa jaji Dar es Salaam kabla ya kwenda huko, na nyumba ya Vailima ikawa makao yake. Mwaka 1914 wakaja watu wa New Zealand, nao wakaishi mle mle. Samoa ya Magharibi ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, na tangu mwaka 1994 nyumba ile ni makumbusho ya Tusitala.

Wahenga walinena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wengi wa Apia waliligeuza jembe hilo kuwa la kuchimbia haki za wenyeji, na wengine, pengine watu wema, walikaa barazani wakilitazama tu. Stevenson alilishika, akalima palipokuwa na magugu, na mavuno yake hayakuwa mengi. Mimi naona hukumu yake isitafutwe Berlin wala London. Waliomhukumu ni watu waliotoka jelani na njaa yao, wakapanda mlimani na majembe mabegani, wakamjengea barabara wasitake hata senti.